Dirishani, Sandukuni au Nyumbani: Njia Ipi Inapunguza Kusubiri Unapotuma Barua na Vifurushi?

Anayekwenda posta na bahasha moja mara nyingi hujikuta nyuma ya mtu mwenye boksi ambalo bado halijafungwa, hajui uzito wake, na anaanza kuandika anwani akiwa tayari amesimama mbele ya karani. Kazi inayofanyika pale dirishani ina hatua nyingi: kupima uzito na ukubwa, kuuliza kilichomo, kuchagua aina ya huduma, kuandika anwani, kupokea malipo, kubandika lebo na kutoa risiti. Kati ya hizo, chache sana ndizo ambazo ni lazima zifanywe mbele ya karani. Njia ninazozilinganisha hapa zinatofautiana hasa katika jambo hilo moja, yaani ni hatua zipi zinazoondolewa dirishani, zinahamia wapi, na mtumaji anaacha nini anapozihamisha.

Inafaa kwanza kueleza kwa nini foleni inayosogea vizuri hurefuka ghafla, kwa sababu maelezo hayo yanaathiri uchaguzi wenyewe. Hisabati ya foleni ilianza na Agner Krarup Erlang, mtaalamu wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, ambaye alichapisha makala yake ya kwanza juu ya suala hili mwaka 1909. Chukua mfano rahisi wa dirisha moja ambapo kila mteja huchukua wastani wa dakika 4, huku wateja wakifika bila mpangilio na mahitaji yao yakitofautiana. Karani akiwa na kazi kwa nusu ya muda wake, mteja atasubiri wastani wa dakika 4 kabla ya kufikiwa. Akiwa na kazi kwa asilimia 80 ya muda, kusubiri kunakuwa dakika 16, na kazi ikifika asilimia 90 kunakuwa dakika 36. Wateja wachache tu wakiongezeka, ofisi iliyokuwa tulivu inajaa.

Hesabu hiyo hiyo ina habari njema. Ikiwa wateja wale wale wanaoisukuma ofisi hadi asilimia 90 wangekuja wamejiandaa, na kila mmoja akachukua dakika 3 badala ya 4, wastani wa kusubiri ungeshuka kutoka dakika 36 hadi takriban 6. Ofisi halisi ina madirisha zaidi ya moja na namba zake zitakuwa tofauti, lakini mwelekeo ni huo huo. Kwa sababu hiyo siwezi kukubali kwamba kujiandaa ni adabu tu. Ndiyo dawa yenye nguvu kuliko zote kwa watu wanaolazimika kwenda dirishani.

Kuchagua saa, au kujiandaa kabla ya kutoka nyumbani

Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kwenda wakati ambao watu ni wachache, na ni ushauri wa kweli. Saa ngumu ni mchana watu wanapotoka kazini kwa mapumziko, jioni kabla ya kufunga, siku ya kwanza baada ya mapumziko ya mwisho wa juma au sikukuu, na majuma ya Desemba. Wengi hudhani kufika mlango unapofunguliwa ni salama, ilhali mara nyingi kunakuwa na kundi lililotangulia kusimama nje. Mara nyingi nafuu huja baada ya kundi hilo kuhudumiwa na kabla ya mchana, katikati ya juma.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba inamfaa mtu mwenye uhuru wa saa zake. Mfanyakazi anayepata nafasi mchana tu hana cha kuchagua, na kwake kujiandaa kuna thamani kubwa zaidi. Kujiandaa maana yake ni boksi lililokwisha kufungwa, anwani zote mbili zilizoandikwa kwa herufi zinazosomeka, namba ya simu ya mpokeaji, kitambulisho mkononi ikiwa huduma inakihitaji, na jibu lililo tayari kwa swali ambalo karani atauliza kwa vyovyote: unataka ifike lini, na je, unahitaji uthibitisho kwamba imepokelewa? Mtu asiye na jibu la swali hilo atasomewa orodha ya huduma na bei zake, na wote walio nyuma yake wataisubiri orodha hiyo imalizike.

Ukiingia na kukuta watu, kuna makadirio ya haraka yanayosaidia kuamua kama ubaki au urudi baadaye: zidisha idadi ya walio mbele yako kwa dakika ambazo mteja mmoja huchukua, kisha gawanya kwa madirisha yaliyo wazi. Watu 12, dakika 3 kila mmoja na madirisha 3 yanakupa dakika 12. Hesabu madirisha yenye karani anayehudumia, si viti vilivyopo. Na pale posta inapotoa namba ya foleni kwa mashine au kwa simu, ichukue mapema. Haifupishi foleni, lakini inakupa ruhusa ya kuketi na kumalizia kuandika.

Barua za kawaida: stempu ya akiba dhidi ya kupanga foleni

Kwa barua nyepesi isiyohitaji kufuatiliwa, ulinganisho unaisha upesi. Stempu ya kubandika ilianza kutumika Uingereza Mei 1840 kufuatia mapendekezo ya Rowland Hill, na manufaa yake makubwa yalikuwa kwamba malipo yalifanywa mapema, wakati ambapo ilikuwa kawaida mpokeaji ndiye alipe barua inapofika. Tangu hapo mtu anaweza kununua stempu za kumtosha miezi kadhaa, akazihifadhi mezani na kutia barua katika sanduku la barabarani bila kumwona karani. Anayesimama foleni kila mara kununua stempu moja anajinyima faida iliyoko tangu karne ya 19.

Kinachohitajika ni kujua uzito, na hapo mizani ndogo ya jikoni inatosha. Karatasi ya kawaida ya ukubwa wa A4, ile ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ina uzito wa gramu 5 hivi. Karatasi tatu ndani ya bahasha nyepesi zinakaribia gramu 20, ambayo katika posta nyingi ndiyo kiwango cha kwanza cha bei, na karatasi ya nne inakuvusha. Unene nao unahesabiwa: barua iliyotiwa funguo au kadi ngumu inaweza kuhamia daraja jingine la bei ingawa ni nyepesi. Stempu zikipungua, barua inaweza kurudishwa kwako au mpokeaji akadaiwa kilichopungua, na kwa vyovyote vile muda uliookolewa unapotea.

Sanduku la barabarani lina masharti mawili yanayosahaulika. La kwanza ni saa ya kukusanywa, ambayo kwa kawaida huandikwa mbele ya sanduku. Barua iliyotiwa baada ya saa hiyo italala humo hadi safari inayofuata. La pili ni usalama. Baadhi ya nchi haziruhusu vifurushi vinene vyenye stempu kutumbukizwa sandukuni. Marekani, kwa mfano, tangu Oktoba 2019 inataka kifurushi chenye stempu kinachozidi nusu inchi kwa unene au aunsi 10 kwa uzito kikabidhiwe dirishani. Uliza kanuni ya posta yako mara moja, kisha utakuwa umeijua.

Lebo iliyolipiwa mtandaoni dhidi ya malipo ya dirishani

Kwa vifurushi vya ndani ya nchi, hapa ndipo tofauti inapokuwa kubwa, na mimi naegemea upande wa lebo ya mtandaoni bila kusita, mradi mtumaji ana mizani anayoiamini. Unajaza anwani kwenye tovuti au programu ya posta, unaandika uzito na vipimo, unalipa, kisha unachapa lebo yenye msimbopau. Dirishani au kwa wakala, kinachobaki ni kuisoma lebo kwa mashine na kupokea mzigo, kazi isiyozidi dakika moja. Ofisi nyingi zina mahali pa kuweka vifurushi vilivyokwisha kulipiwa, pasipo na foleni kabisa. Palipo na huduma ya msimbo wa QR, hata printa si ya lazima, kwa kuwa lebo huchapwa pale unapokabidhi mzigo.

Dhidi yake, malipo ya dirishani yana faida mbili ambazo si haki kuzipuuza. Karani anapima kwa mizani iliyohakikiwa, hivyo hakuna ugomvi wa uzito baadaye. Na karani mzoefu hutambua kosa la anwani ambalo tovuti inalipitisha. Mtu anayetuma kifurushi mara moja kwa mwaka, asiye na mizani wala printa, hatapata nafuu ya maana kwa lebo ya mtandaoni. Anayetuma kila mwezi ataipata tangu mara ya pili, kwa sababu anwani zilizokwisha kujazwa hubaki zimehifadhiwa.

Makosa yanayoharibu njia hii hutokea mezani nyumbani, kwa hiyo yanafaa kuangaliwa kwa karibu. Lebo ibandikwe yote kwenye upande mmoja ulio bapa, kwa kawaida ule mpana zaidi, wala msimbopau usikunjwe kwenye kona ya boksi, maana mashine haisomi mistari iliyopinda. Selotepu inayong'aa isipite juu ya msimbopau. Boksi likiwa limewahi kutumika, lebo ya zamani ibanduliwe au ifutwe kabisa kwa kalamu nzito, kwa kuwa mashine ikisoma msimbo wa kale kifurushi kinaweza kupotea njia. Uzito upimwe baada ya kufunga, na si kabla, kwa sababu boksi lenyewe, karatasi za kujazia na selotepu huweza kuvusha kifurushi kwenye daraja la juu. Na tazama muda wa lebo: nyingi hukoma baada ya siku kadhaa tangu kulipiwa.

Jambo moja zaidi, ambalo nalisisitiza kwa yeyote anayetuma kitu cha thamani: mahali pa kuweka vifurushi bila foleni kwa kawaida hapatoi risiti. Kifurushi kikipotea kabla ya kusomwa na mashine, huna ushahidi kwamba ulikikabidhi. Kwa kitabu cha kawaida hatari hiyo inavumilika. Kwa simu au vyeti haivumiliki, na dakika chache za kumngoja karani akisome kifurushi na kukupa karatasi zina thamani yake.

Kabati la vifurushi, wakala, au mtu wa kuja kuchukua

Anayetaka kuiepuka ofisi ya posta yenyewe ana njia tatu, na wengi huzichanganya kana kwamba ni moja.

Kabati la vifurushi ni safu ya visanduku vyenye milango, linalofunguka kwa msimbo. Ujerumani ilianza kulitumia mwaka 2001 kwa jina la Packstation, na sasa limeenea katika nchi nyingi. Ubora wake ni saa: mengi hufunguka usiku na mchana, na mlango ukishafungwa mfumo huandika kwamba kifurushi kimewekwa, kwa hiyo ushahidi unapatikana bila karani. Mipaka yake ni ukubwa wa visanduku na kujaa. Nyakati za sikukuu visanduku vikubwa hujaa vifurushi vinavyosubiri kuchukuliwa na wenye navyo, na mtumaji aliyebeba boksi hulazimika kurudi nalo.

Wakala, yaani duka linalopokea vifurushi kwa niaba ya posta, hufunga akiwa amechelewa kuliko ofisi na mara nyingi yuko karibu zaidi. Hata hivyo unasimama foleni ya duka, pamoja na wanunuzi, na anayekuhudumia anaweza asijue huduma zisizo za kawaida. Mpelekee kifurushi kilichokwisha kulipiwa na kubandikwa lebo, naye atakufaa sana. Ukimpelekea maswali ya bima au ya nchi za mbali utarudi ofisini. Muulize pia gari la kukusanya hupita saa ngapi, maana kifurushi ulichokabidhi jioni kinaweza kuondoka kesho yake.

Kuchukuliwa nyumbani kunavutia kuliko zote kwa kusikia, na ndiko ambako nina mashaka nako zaidi kwa mtu wa kifurushi kimoja. Foleni ya dakika 20 inageuka kuwa saa kadhaa za kukaa nyumbani, kwani mchukuzi hupewa kipindi cha muda, si dakika maalumu. Kwa mtu anayefanya kazi nyumbani hilo halina gharama. Kwa mfanyabiashara mwenye maboksi kumi, au kwa mtu ambaye kutembea au kubeba mizigo kunamtaabisha, hakuna njia inayoikaribia. Kwa mwingine ni kubadilisha mahali pa kusubiri tu. Ukiichagua, mwombe mchukuzi asome lebo mbele yako, kwa sababu pasipo hivyo rekodi ya kwanza ya kifurushi itaonekana kinapofika kwenye kituo cha kupangia.

Kifurushi kinachovuka mpaka

Hapa masharti yanaongezeka, na ndipo mtu ambaye hakujiandaa anapowachelewesha wenzake zaidi. Posta za dunia hufanya kazi chini ya Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa Bern, Uswisi, mwaka 1874, na fomu zake za forodha zinafanana karibu kila mahali. Kifurushi kidogo cha daraja la barua, kisichozidi kilo 2, hutumia fomu ya CN22 ikiwa thamani ya kilichomo haizidi SDR 300, SDR ikiwa ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Zaidi ya hapo hutumika CN23, ambayo ni ndefu zaidi. Tangu mwanzo wa 2021, maelezo ya bidhaa yanatakiwa yatumwe kwa njia ya kielektroniki kabla ya kifurushi kufika nchi kinakokwenda.

Sharti hilo la mwisho ndilo lililobadilisha foleni. Mteja akijaza fomu kwa kalamu, karani hana budi kuichapa yote upya kwenye kompyuta, mstari kwa mstari, akiuliza kila neno lisilosomeka. Mteja aliyejaza mtandaoni amekwisha kuifanya kazi hiyo mwenyewe. Kwa hiyo hata mtu ambaye kwa vifurushi vya ndani haoni haja ya lebo ya mtandaoni, kwa vifurushi vya nje ningemshauri aitumie. Tofauti ya muda ni kubwa mno.

Kwenye fomu yenyewe, kinachochelewesha ni maelezo yasiyotosha. Neno “zawadi” halielezi bidhaa, na “nguo” halitoshelezi. Andika “fulana 2 za pamba”, kisha uzito wake, thamani yake na nchi ilikotengenezwa. Ukiweza kupata msimbo wa bidhaa wa forodha wenye tarakimu 6, uongeze. Soma pia orodha ya vitu visivyoruhusiwa kabla ya kufunga boksi. Betri za lithiamu zinazotumwa peke yake, zisizowekwa ndani ya kifaa, ni marufuku katika posta ya kimataifa, na manukato na vipulizio hukataliwa mara kwa mara. Kufungua boksi na kulifunga upya dirishani ni kusubiri ambako hakuna njia yoyote kati ya hizi inayoweza kukuokoa nako.

Kampuni binafsi za usafirishaji wa haraka ni mbadala hapa, na kwa nyaraka zenye tarehe ya mwisho zinafaa: ofisi zao mara nyingi huwa na watu wachache na huja kuchukua mzigo ulipo. Bei ndiyo inayotenganisha. Nyingi hutoza kwa uzito halisi au uzito wa ujazo, ule ulio mkubwa. Boksi la sentimita 40 kwa 30 kwa 20 lina ujazo wa sentimita za ujazo 24,000. Kampuni inayogawanya kwa 5,000 italihesabu kuwa kilo 4.8, hata kama limejaa mito ya kilo moja. Mzigo mwepesi na mkubwa hulipiwa kana kwamba ni mzito, na mara nyingi posta inabaki nafuu. Katikati yake kuna EMS, huduma ya haraka ya posta zenyewe.

Kwa ofisi inayotuma barua nyingi kila siku, mashine ya kupiga chapa ya malipo au akaunti ya mteja mkubwa humaliza suala hili. Kwa mtu binafsi haina faida.

Kusubiri kwa mpokeaji

Ulinganisho mwingi humwangalia mtumaji peke yake, na hilo naliona ni kasoro. Huduma inayodai saini inampa mtumaji utulivu, lakini mpokeaji asipokuwepo nyumbani ataachiwa karatasi ya taarifa, na foleni uliyoiepuka wewe ataisimama yeye. Vivyo hivyo kwa kampuni za haraka zinazomtoza mpokeaji ada ya kushughulikia forodha juu ya ushuru wenyewe. Kabla ya kuchagua rejista, yaani huduma ya kusajili barua au kifurushi na kudai saini, kwa kitu kisichoihitaji, muulize mpokeaji saa ngapi hupatikana, au kama angependa kifurushi kiende kwenye kabati lililo karibu na kazini kwake.

Kwa hati za kisheria, vyeti halisi na vitu vyenye bima, hata hivyo, naona dirisha bado ndilo mahali sahihi, na rejista au EMS ndiyo huduma sahihi. Risiti utakayopewa huwa na namba ya herufi na tarakimu 13: herufi mbili mwanzoni, R ikitangulia kwa rejista na E kwa EMS, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi ilikotumwa. Isome pale pale na uilinganishe na iliyo kwenye bahasha, hakikisha risiti ina tarehe, ipige picha na umtumie mpokeaji, ili yeye naye aweze kufuatilia na aende posta siku ambayo barua imekwisha kufika.